Inama, Sogea, Piga!

Mwaka 1937, watafiti wa homa ya manjano waliokuwa na kituo Entebbe walipima damu ya mwanamke mmoja mwenye homa kutoka Omogo, katika wilaya ya West Nile. Ndani ya damu ile wakakuta kirusi ambacho sayansi ilikuwa haijakijua, wakakipa jina la wilaya yetu ya wakati huo. Mwaka 1999 kirusi hicho, kinachobebwa na mbu, kikazuka New York. Tangu hapo West Nile inatajwa hospitalini na magazetini Marekani na watu wasiojua kwamba kuna mji unaoitwa Arua, kwamba Koboko iko kilomita chache tu kutoka Sudan Kusini na Kongo, kwamba Onduparaka ni mahali penye watu, mashamba na timu ya mpira. Jina letu limezunguka dunia mgongoni mwa mbu. Sura yetu bado.

Mwenye kazi ya kuitembeza sura hiyo ni wewe mpiga picha wa Onduparaka, wa Arua mjini, wa Koboko, wa Maracha na Terego. Ni wewe unayepiga harusi Jumamosi na mahafali Ijumaa. Ni wewe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni uliyeazima kamera ya kaka yako. Najua umekuwa ukisubiri. Unasema siku utakapopata pesa utanunua lenzi ya makro, ile ambayo bei yake inakutisha, ndipo uanze kupiga vitu vidogo: jicho la nzi, mguu wa nyuki uliojaa chavua, mishipa ya jani la mhogo. Acha kusubiri. Lenzi ya kazi hiyo huenda iko kabatini kwa mjomba wako, imefungwa kwenye kamera ya filamu ambayo watu wa nyumbani wanaiona ni pambo.

Ninachokuambia leo ni hiki: ukaribu haununuliwi kwa bei kubwa. Lenzi ya zamani yenye tundu kubwa, pete chache za chuma na magoti yaliyo tayari kugusa udongo, hivyo vinatosha kuanza. Na ukianza, utaionyesha West Nile kwa namna ambayo hakuna mgeni atakayeiweza.

Nguvu ya lenzi isiyo na umeme

Itafute lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 au f/1.4, isiyo na zumu, inayolengwa kwa kuzungusha pete kwa vidole. Nikon, Canon, Pentax na Minolta waliziuza pamoja na kamera zao za filamu kwa miaka mingi, kwa hiyo zimebaki nyingi duniani. Viwanda vya Muungano wa Kisovieti navyo vilitoa Helios 44-2, milimita 58, f/2, kwa wingi wa ajabu. Ukiwa na kamera ya kisasa isiyo na kioo cha ndani, adapta ya bei nafuu inatosha kuzifunga hapo.

Lenzi hizi hazina mota wala waya. Watu huzidharau kwa hilo, na kumbe hapo ndipo penye nguvu yake. Lenzi nyingi za kisasa hutegemea umeme wa kamera ili zifunge tundu lake. Ukiweka pete ya bei rahisi kati ya lenzi na kamera, umeme umekatika, na lenzi inabaki wazi kama ilivyo, haina wa kuiamrisha. Lenzi ya zamani ina pete yake ya tundu shingoni. Ukizungusha hadi f/8, ni f/8, iwe imefungwa kwenye kamera, iwe imewekwa juu ya mirija mitatu, iwe imegeuzwa kinyumenyume. Kabla ya kununua, fanya jaribio moja: shika lenzi mkononi, tazama ndani, zungusha pete. Ukiona majani ya chuma yanafunga na kufungua, beba. Ukiona hayasogei, muulize muuzaji kama kuna kitufe au kishikizo cha kuyafungulia, maana baadhi ya lenzi huwa nacho.

Tundu kubwa nalo lina faida ambayo wengi hawaifikirii. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya ile ya f/5.6. Sasa, unapokisogelea kitu sana, mwanga hupungua. Ukifika pale ambapo milimita moja ya mdudu inakuwa milimita moja kwenye sensa, yaani ukubwa halisi, unabaki na robo tu ya mwanga uliokuwa nao. Mwenye lenzi ya kiza hapo haoni kitu. Wewe mwenye f/1.8 bado unaona vizuri kabisa unacholenga, kwenye skrini na kwenye dirisha la kamera. Unalenga tundu likiwa wazi, kisha unalifunga hadi f/8 na kupiga. Helios 44-2 ina pete mbili kwa ajili hiyo hiyo: moja unaitega kwenye f/8, ya pili unaizungusha kufungua na kufunga bila kuhamisha jicho.

Wazee walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wako ni lenzi hiyo ya zamani.

Njia tatu za kusogea

Kwa nini lenzi ya kawaida inakataa kulenga ukikikaribia kitu? Ili ione kwa karibu, kioo chake lazima kisogee mbele, mbali na sensa. Lenzi nyingi za 50 huishia kwenye sentimita 45 au 50, hapo uzi wa chuma umefika mwisho. Kazi yako ni kuivusha hapo. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni pete za kurefusha, mirija mifupi isiyo na kioo ndani, unayoifunga kati ya kamera na lenzi. Kwa lenzi za skrubu ya M42, seti ya kawaida huwa na pete tatu za milimita 7, 14 na 28. Hesabu yake ni ya darasa la tano: gawanya urefu wa pete kwa urefu wa lenzi. Milimita 25 nyuma ya lenzi ya 50 ni nusu, maana yake kiwavi wa sentimita 3 anatua kwenye sensa akiwa na sentimita moja na nusu. Funga pete zote tatu, milimita 49 kwa jumla, nyuma ya Helios ya 58, kisha izungushe lenzi hadi mwisho wake wa karibu. Utakuwa umefika kwenye ukubwa halisi au pembeni yake. Pete hazina kioo, kwa hiyo hakuna kioo kibaya cha kuharibu kazi ya lenzi yako. Bei yake ni mwanga unaopotea, na umbali: utakuwa sentimita chache tu kutoka kwa mdudu.

Ya pili ni kioo cha kukuza kinachofungwa mbele, kwenye skrubu ya kichujio. Huuzwa kwa nguvu: +1, +2, +4, +10. Gawanya mita moja kwa namba hiyo, utajua utasimama wapi: +4 ni sentimita 25, lenzi ikiwa imelengwa mbali kabisa. Uzuri wake ni kwamba hakili mwanga, na kinafungwa na kufunguliwa haraka bila kuitoa lenzi kwenye kamera wala kuruhusu vumbi kuingia. Siri ambayo wauzaji hawaisemi ni kwamba kioo hiki kinapenda lenzi ndefu. Kwenye milimita 50, +4 inakupa sehemu moja tu ya tano ya ukubwa halisi. Kioo hichohicho kwenye lenzi ya 135 kinakupa zaidi ya nusu. Na kuna tahadhari inayowahusu hasa wenye lenzi za matundu makubwa: kioo rahisi cha kipande kimoja, kikiwekwa mbele ya f/1.4 iliyofunguliwa yote, huleta ukungu na michirizi ya zambarau na kijani kwenye kingo. Funga hadi f/5.6 au f/8, michirizi hiyo itapungua sana. Ukiweza kupata kioo cha vipande viwili au zaidi vilivyotengenezwa kusahihishana rangi, kama Raynox DCR-250, utakuwa umefanya jambo la maana. Pima mdomo wa lenzi yako kwanza. Helios 44-2 ni milimita 49, Nikkor nyingi za 50 ni 52.

Ya tatu ni ya kishujaa: kuigeuza lenzi. Kuna pete nyembamba ambayo upande mmoja ina skrubu inayoingia mdomoni mwa lenzi, na upande wa pili inashika kwenye kamera. Lenzi ya 50 ikigeuzwa inakaribia ukubwa halisi. Ya 28 ikigeuzwa inavuka mara mbili. Kioo cha nyuma sasa kinatazama dunia kikiwa uchi, na sisi tunajua vumbi jekundu la Desemba hadi Machi linavyoingia kila mahali. Kwa hiyo kitunze: usibadilishe lenzi barabarani, usipanguse kwa shati, tembea na kipulizo cha mpira.

Anza na pete. Zikishakutii, ongeza kioo cha mbele kwa siku za haraka, na pete ya kugeuza kwa siku za subira.

Milimita moja ya ushindi

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ukiwa kwenye nusu ya ukubwa halisi na tundu la f/2, sehemu iliyo kali kwenye picha ina unene usiofika milimita moja. Kwenye f/8 unapata karibu milimita tatu. Ukifika ukubwa halisi, f/8 hiyohiyo inakuachia milimita moja tu. Pumzi yako peke yake inaweza kukutoa humo. Wengi hukata tamaa hapa. Wanarudi nyumbani na picha za ukungu, wanasema lenzi ni mbovu. Lenzi haina kosa. Kilichokosekana ni ufundi, na ufundi unajifunzika.

Usilenge kwa kuzungusha pete. Tega pete mahali pamoja, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma, taratibu, hadi jicho la mdudu liwake kwa ukali, na hapo piga. Piga mfululizo huku ukisogea, kati ya nyingi utapata moja ya kweli. Keti chini. Egemeza viwiko kwenye magoti, au weka kamera juu ya mfuko uliojaa maharage au mchanga. Kata kijiti, kishike kwa mkono wa kushoto pamoja na shina la mmea, ili wewe na mmea mtikisike kwa pamoja. Ikuze picha kwenye skrini ya kamera kabla ya kupiga, uone nywele za mguu.

Panga mdudu alale sambamba na sensa. Ukimpiga kwa mshazari, utapata jicho au mkia. Ukimpiga kwa ubavu, ile milimita moja inampata yote. Na usikimbilie f/16 ukidhani utapata zaidi. Kwenye ukubwa halisi, f/16 inafanya kazi kama f/32, na hapo mwanga wenyewe unatawanyika, picha nzima inalegea. Kaa kati ya f/5.6 na f/11.

Toka mapema. Alfajiri baada ya mvua, wadudu ni baridi na hawana haraka, umande umewakaa mgongoni, upepo haujaamka. Jua la saa sita la Arua ni kali, linachoma rangi na kuacha vivuli vyeusi. Likikukuta, kinga mdudu kwa karatasi nyeupe, na uweke karatasi nyingine upande wa pili irudishe mwanga. Ukiwa na flashi, izibe kwa karatasi nyeupe pia, mwanga utoke laini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukishainama, utashangaa wingi wa vilivyokuwa vikikungoja.

Picha ambazo eneo letu linazihitaji

Sasa niseme kwa nini jambo hili linaniwasha. Picha ya karibu ina uzuri, ndiyo. Lakini kwetu ina kazi.

Jina la utani la timu ya Onduparaka ni Viwavi. Basi tuanze na viwavi. Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi kutoka mabara ya Amerika walionekana Afrika kwa mara ya kwanza, na mwaka 2017 Uganda ikathibitisha kuwa nao. Wanaingia kwenye moyo wa mhindi na kuutafuna kutoka ndani. Mkulima akiwaona, mara nyingi anawachanganya na viwavijeshi wa kwetu wa siku zote au na funza wa mabua. Lakini kiwavi huyu ameandikwa jina usoni: kichwani ana alama ya rangi hafifu yenye umbo la Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Kwa macho matupu ni vigumu kuona, hasa akiwa mdogo. Kwa lenzi ya 50 na pete tatu, alama hizo zinajaa kwenye skrini. Na akigunduliwa akiwa mdogo ndipo anapouawa kirahisi. Akishakua na kujificha moyoni mwa mhindi, dawa haimfikii. Picha yako ikimfikia afisa kilimo asubuhi, shamba la jirani linaweza kupona. Niambie, ni picha gani ya harusi yenye kazi kama hiyo?

Nenda kwenye mhogo. Geuza jani, tazama chini yake. Inzi weupe wa milimita moja ndio wanaosambaza batobato na michirizi ya kahawia, magonjwa yaliyowanyima Waganda chakula. Arua tuna taasisi ya utafiti wa kilimo ya Abi, iliyo chini ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, inayofanya kazi kwa ajili ya mashamba ya ukanda huu. Piga jani lenye afya na jani lenye ugonjwa, upande kwa upande, mwanga mmoja, umbali mmoja. Andika tarehe na kijiji. Mwaka mmoja wa kazi hiyo, ikifanywa kwa bidii, ni kumbukumbu ya thamani kwa mkulima na kwa mtafiti.

Kuna mbung'o. Uganda ni nchi pekee yenye aina zote mbili za malale, na ile aina ya gambiense ilituumiza sisi wa West Nile. Kuanzia mwaka 2011 vitambaa vidogo vya bluu vyenye wavu mweusi uliotiwa dawa, sentimita 25 kwa 50, viliwekwa kandokando ya mito yetu, na pale vilipojaribiwa mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Uganda imeiondoa aina hiyo ya malale kama tatizo la afya ya jamii. Huo ni ushindi wa watu wetu: waliokubali kupimwa, walioshuka mtoni kutundika vitambaa, wauguzi wa vijijini. Picha zake za karibu, zilizopigwa na mtoto wa hapa, ziko wapi? Mbung'o anapotulia, mabawa yake hulala moja juu ya lingine, na katikati ya kila bawa kuna umbo la shoka lililochorwa na mishipa. Mtoto wa shule akioneshwa shoka hilo mara moja, hatamsahau mdudu huyo maisha yake yote. Ugonjwa uliopungua hurudi pale watu wanaposahau. Wewe una chombo cha kuwakumbusha. Usimfuate mbung'o hai bila sababu. Watafute wanaoshughulika na mitego, uombe waliokwisha kufa.

Halafu kuna kazi ya nne, na hii inafanyika ndani ya nyumba. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na mapigano ya mwaka 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Walioondoka walibeba walichoweza. Albamu nyingi hazikurudi, lakini katika masanduku ya baadhi ya familia za Wakakwa, Walugbara na Wanubi bado kuna vipande vya negativu, vimekunjwa kwenye bahasha, vinaliwa na joto na ukungu. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda jijini Kampala lilionesha picha zilizotokana na negativu takriban 70,000, nyingi za enzi za Amin, zilizokaa miaka mingi ndani ya makabati ya shirika la utangazaji la taifa. Hizo ni picha za serikali. Za familia zako nani atazitoa kabatini?

Lenzi ya 50 na pete zako zinaweza. Negativu ya filamu ya kawaida ni milimita 24 kwa 36. Kwa kamera yenye sensa ya ukubwa huo unahitaji ukubwa halisi; kwa sensa ndogo ya APS-C theluthi mbili zinatosha. Weka kamera ikitazama chini wima, iwe imara. Chini yake weka simu iliyofunguliwa ukurasa mweupe, na uinue negativu sentimita chache juu ya kioo cha simu ili vidoti vyake visionekane. Inyooshe vizuri, funga pazia, tega f/8, piga kwa kutumia saa ya kamera ili mkono usitikise. Kisha igeuze rangi kwenye kompyuta. Na sura ya babu aliyefia uhamishoni itatokea mbele ya wajukuu zake. Omba ruhusa kabla, rudisha kila kipande mahali pake, wala usisambaze sura ya mtu bila idhini ya wenye nyumba.

Watakaokukatisha tamaa

Watasema hakuna soko. Wajibu kwamba soko la kwanza ni uhitaji, na uhitaji nimekwisha kuuorodhesha: mashamba, shule, zahanati, familia zenye negativu. Mpiga picha wa harusi anayejua kupiga pete ya ndoa ikijaa kwenye picha, na uzi wa darizi kwenye gomesi ya bibi harusi, naye ataitwa kwanza.

Watasema lenzi ya kisasa ni bora. Inawezekana. Lakini iliyo mkononi mwako leo ina faida moja juu ya iliyo dukani: inapiga leo. Na mikono iliyojifunza kulenga milimita moja kwa kuyumbisha kiwiliwili itakuwa bwana wa lenzi yoyote utakayoipata baadaye.

Watakucheka ukilala kifudifudi kando ya njia unamwangalia siafu. Waite waje wachungulie kwenye skrini. Atakayechungulia mara moja hatacheka tena.

Kumbuka pia kwamba hutakuwa wa kwanza kuanza na vitu vya kuunga. Wilson Bentley alikuwa mkulima wa Vermont, Marekani. Aliunganisha hadubini na kamera, na Januari 1885, akiwa hajafika miaka 20, akapiga picha ya chembe moja ya theluji. Aliendelea hadi akapata zaidi ya picha 5,000, pale pale shambani kwao. Karl Blossfeldt wa Ujerumani alikuwa mwalimu wa sanaa. Kwa kamera alizojitengenezea akayapiga kwa karibu magugu na mimea ya kando ya barabara, na kitabu chake cha mwaka 1928 kikawabadilisha watu namna ya kuutazama mmea. Hapa Afrika Mashariki, Mkenya Dino Martins, mtaalamu wa wadudu, amewafanya wengi wapende nyuki na nondo waliokuwa hawawaoni kabisa. Na Onduparaka yenyewe ilikwisha kutupa somo: timu iliyoanzishwa mwaka 2011 mtaani ilikuwa Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016. Miaka mitano. Hawakungoja uwanja wa kifahari ndipo waanze kucheza.

Ratiba yako inaanza wiki hii

Wiki hii itafute lenzi. Uliza kwa mjomba, kwa mzee aliyekuwa na studio, kwa fundi kamera. Ipime majani ya tundu, angalia kama kuna ukungu ndani kwa kuimulika na tochi. Wiki ijayo tafuta pete za aina ya mshiko wake. Kisha jifunge kwenye mita moja ya mraba: chagua kona moja ya shamba au ua, uirudie kila alfajiri kwa mwezi mzima. Usihame. Utajua nani anatoka saa ngapi, jani lipi linaliwa, ua lipi linafunguka kwanza. Ndani ya mwezi huo utafuta picha nyingi kuliko utakazohifadhi, na hiyo ndiyo shule.

Mwezi wa pili, tafuta mwenzako mmoja Koboko au Arua, mpeane kazi: yeye mahindi, wewe mhogo, yeye mtoni, wewe negativu za mtaa. Mwezi wa tatu, chapisheni picha kumi kubwa, mwombe ukuta wa shule au wa kituo cha afya, mzitundike zikiwa na maelezo kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, na mwalike wakulima kabla ya kumwalika mheshimiwa yeyote. Simama kando ya picha ya kiwavi, umwoneshe mama aliyetoka shambani ile alama ya Y, umuulize kama amewahi kuiona. Akikuambia amemwona huyo jana kwenye mahindi yake, nenda naye shambani siku hiyohiyo, na kamera yako begani.

Msimu ukifika mahindi hayatakungoja, negativu zinazidi kuoza, na wazee wanaojua majina ya waliomo wanapungua. Kaka yangu, dada yangu, lenzi unayo, njia umeoneshwa. Funga pete uanze kazi.